Ubao wa Msiba wa Mtu Aliye Hai

Inspekta Enoch Sturgess alifika kanisa la Cleestoke asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Juni, harusi ikiwa imepangwa saa sita mchana, akakuta bwana harusi amefungiwa katika chumba cha kengele.

"Nani aliyemfungia?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Bi Lavinia Dunstrey. "Ufunguo huu hapa. Mchukue, mpeleke kituoni, akaseme huko ameupeleka wapi ubao wetu."

"Bi Lavinia, kumfungia mtu ni kazi ya polisi."

"Polisi walikuwa wanakunywa chai."

Hilo lilikuwa kweli. Sturgess alivua kofia, akaingia kanisani, na Bi Lavinia akamfuata unyounyo. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkavu, na buti zake zilikuwa na tope la bustanini hata siku ya harusi. Kaka yake, Sir Anselm, ndiye mkuu wa ukoo wa Dunstrey. Lakini pale Cleestoke watu walisema kaka ana cheo na dada ana sauti.

Kanisa lilikuwa limepambwa likapambika. Shada refu la waridi na majani ya mtambaa lilizungushwa ukutani upande wa kaskazini, na juu ya shada hilo zilining'inia mbao za msiba za ukoo. Akifa Dunstrey, nembo ya ukoo huchorwa kwenye turubai lililowambwa juu ya fremu ya mraba. Ubao huo hutundikwa kwa pembe, kama kishada cha kurusha angani, juu ya mlango wa jumba lao la Oldcombe mwaka mzima, kisha huletwa kanisani na kukaa hapo milele. Sturgess alizaliwa kijiji cha pili na alizijua zote tangu alipokuwa akisinzia kwenye mahubiri. Alimjua Sir Aubrey, aliyempigania mfalme wake siku moja tu, kisha akajificha kwenye nyumba ya njiwa mpaka vita vikaisha. Alimjua Dame Philippa, aliyewafukuza askari kwa kuwarushia mizinga ya nyuki kutoka dirishani. Alimjua Admirali Jocelyn, aliyeizunguka dunia bila kujua kuogelea, na Sir Jasper, ambaye ngamia wake kutoka Misri alikula kofia ya askofu.

Mwisho wa safu palikuwa na pengo. Ukuta pale ulikuwa mweupe kuliko kwingine, kwa umbo la kishada, na kulabu mbili za chuma zilikuwa tupu.

"Ubao wa Gervase," alisema Bi Lavinia. "Marehemu."

"Marehemu nimemwona asubuhi hii akinunua magazeti."

"Kwa ukoo wetu ni marehemu, Sturgess. Bibi yako alipika jikoni kwetu, unayajua haya vizuri."

Sturgess aliyajua. Wilaya nzima iliyajua. Miaka ishirini na tisa iliyopita Gervase, mwana mdogo wa Sir Anselm, alimwoa Dolly Meek, binti wa mwenye baa ya Farasi Mweupe. Hasira hasara, na hasira za Sir Anselm zilikuwa na gharama zake. Aliagiza ubao wa msiba wa mwanawe aliye hai, akautundika mlangoni mwaka mzima, kisha akauleta kanisani kwa maandamano. Gervase alikutana na maandamano hayo njiani, akashuka kwenye farasi na kuvua kofia kwa heshima ya marehemu. Tangu siku hiyo hakuingia kanisani. Alisema maiti haendi kutazama ubao wake mwenyewe. Kila Pasaka alisimama nje ya ukuta wa makaburi akaimba kutoka huko, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya kwaya.

Na leo binti yake, Tabitha, alikuwa anaolewa humu na Ned Pruett, seremala.

"Kwa hiyo unamshuku Ned," alisema Sturgess.

"Nani mwingine? Jana alikuwa humu na ngazi akitundika maua. Nilikagua kanisa kabla ya chai, wanawake walipomaliza kupamba, na ubao ulikuwepo. Leo asubuhi haupo. Ngazi ndiyo ile pale. Ameona haya bibi harusi wake apite chini ya ubao ule, akauiba. Maji yakimwagika hayazoleki, Inspekta. Harusi haifungwi mpaka ubao urudi mahali pake."

Sturgess aliitazama ngazi iliyoegemezwa karibu na birika la ubatizo. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Kisha alikwenda chini ya lile pengo na kuinama juu ya shada. Alilifuata kwa kidole kutoka nguzo hadi nguzo. Hakukuwa na jani lililopondeka wala waridi lililopukutika.

"Maua haya yalikuwa yameshafungwa ulipokagua?"

"Yote. Niliwafungisha tena sehemu mbili."

"Ngazi ukiiegemeza ukuta huu, mbao zake zinalalia shada hapa na hapa. Waridi halistahimili hata kidole changu, sembuse ngazi yenye seremala juu yake." Alisimama. "Ubao haukuteremshwa kutoka chini, Bi Lavinia."

"Basi uliruka?"

"Ngoja nimsikie Ned."

Kwenye mlango wa chumba cha kengele alikuta tayari kuna mtu. Tabitha Dunstrey alikuwa amepiga magoti, gauni la harusi amelikunja mpaka magotini, nywele upande mmoja zimebanwa na upande mwingine zimeachwa, mdomo wake kwenye tundu la kufuli.

"Umevaa?" alikuwa akiuliza.

"Nimevaa," sauti ya Ned ilijibu. "Tai tu. Huku hakuna kioo."

"Usiifunge mwenyewe. Siku ya uchumba ulionekana umejinyonga."

"Tabitha, wakinipeleka jela utaningoja?"

"Mpaka Jumanne. Jumatano nina shughuli."

Sturgess alikohoa. Tabitha aliinuka bila haraka na kukung'uta vumbi.

"Inspekta, afadhali umekuja. Ubao ule umepakwa weusi mtupu, na hapa kwetu weusi mtupu ni wa kapera. Maana yake unasema baba yangu alikufa mwaka 1902 bila mke. Mimi nimezaliwa 1908. Kabla hujampeleleza Ned, nipeleleze mimi, nimetoka wapi."

"Hilo litanipita uwezo, binti. Ned, unanisikia?"

"Nakusikia, Bwana Inspekta."

"Jana uliondoka hapa saa ngapi?"

"Wanawake walipokwenda kunywa chai. Nikarudi jioni kufunga utepe mweupe kwenye kamba ya kengele. Ngazi niliiacha palepale."

"Uliona mtu?"

"Sikuona mtu. Nilisikia harufu."

"Harufu gani?"

"Rangi inaungua. Rangi ya mafuta, ile ya zamani. Kazi yangu naijua. Nikazunguka kanisa zima nikidhani mshumaa umeanguka, sikuona kitu. Nikadhani ni jikoni kwa Mchungaji. Mke wake hupika vitu vingi."

"Ubao uliutazama?"

"Mimi huwa siutazami, Bwana Inspekta. Unaniudhi."

"Unaona?" Bi Lavinia alidakia kutoka nyuma. "Amekiri chuki."

"Chuki si kosa, Bi Lavinia. Ingekuwa kosa, nusu ya Cleestoke ingekuwa humo ndani na Ned. Nifungulie roshani yenu."

Roshani ya ukoo ilikuwa juu ya upande ule wa kaskazini. Ilikuwa na mlango wake wa nje unaotokea bustani za Oldcombe, benchi yake ya mwaloni, na meko yake ya kuwapasha joto akina Dunstrey wakati watu wengine wanatetemeka chini. Funguo zilikuwa mbili tu, wa Sir Anselm na wa Bi Lavinia. Hakuna mtumishi aliyewahi kuruhusiwa kuingia, tangu Dame Philippa alipomkuta kijakazi akisikiliza sala zake na kuzisimulia sokoni. Kwa hiyo hakuna aliyefagia. Jivu la Krismasi lilikuwa bado limetapakaa sakafuni mbele ya meko, na Sturgess alipoliona alisimama mlangoni akamzuia Bi Lavinia kwa mkono.

"Humu ni kwetu," alisema Bi Lavinia.

"Ndiyo. Usiingie."

Alikwenda kwanza kwenye ukingo. Kulabu mbili tupu zilikuwa chini kidogo, upande wa kulia. Mtu aliyesimama juu ya benchi na kuinama angeweza kuuopoa waya wa ubao kwa mpini wa fimbo uliopinda. Kisha alichuchumaa kwenye meko. Juu ya jivu la zamani, lililoganda kwa unyevu, palikuwa na jivu jipya, jepesi, jeusi. Alilichokoa kwa kalamu. Misumari midogo ya shaba ilitokeza, ile ya kuwambia turubai, na kipande cha fremu kilichoungua upande mmoja.

"Nani anawasha moto mwezi wa Juni?" alisema Sturgess.

Bi Lavinia alishika mwimo wa mlango. "Ameuchoma," alisema taratibu. "Mshenzi ameuchoma ubao wa Dunstrey katika meko ya Dunstrey."

"Funguo ni mbili tu. Wako ulikuwa wapi jana jioni?"

"Mfukoni mwangu. Na mimi nilikuwa kwa Mchungaji nikimkemea juu ya nyimbo alizochagua."

"Jioni nzima?"

"Alijitetea."

Sturgess alirudi kwenye benchi akaikagua. Mito ya benchi ilikuwa imetariziwa kwa nyuzi za sufu, ndege na matunda, kazi ya miezi mingi. Mmoja ulikuwa na alama kubwa ya buti yenye tope. Mwingine, ule wa upande wa ukingo, haukuwepo mahali pake. Ulikuwa juu ya rafu ya meko, umefunikwa leso safi. Na pale ulipotolewa, juu ya mbao tupu za benchi, palikuwa na alama ya jivu. Alama yenyewe ilikuwa ya mguu, na vidole vitano vilionekana ndani ya alama ya soksi iliyofumwa.

"Mito hii aliitarizi nani?"

"Constance, mke wa kaka. Mungu amrehemu, alijua kupoteza wakati. Mimi naikanyaga nikitaka kuona vizuri."

"Naona." Sturgess aliinyooshea kidole ile alama ya tope. "Mtu wa jana hakuikanyaga. Alivua viatu, akauondoa mto, akauweka juu usichafuke, akaufunika kwa leso yake, ndipo akapanda. Nimewakamata wezi miaka ishirini, Bi Lavinia. Wamo waliovunja milango, wamo waliovunja mbavu. Sijapata hata mmoja aliyevua viatu kwa heshima ya tarizi ya marehemu."

Bi Lavinia alikaza macho kwenye leso ile.

"Sir Anselm yuko wapi?"

"Amelala. Hajui lolote, na nimekataza mtu kumwambia. Ana moyo dhaifu. Akisikia ubao umeibwa, atatuanguka."

"Jana usiku alikula?"

"Alikula pudini ya zabibu, akaomba tena. Na akapiga mluzi."

"Huwa anapiga mluzi?"

"Alikuwa anapiga zamani," alisema Bi Lavinia, na sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Constance alipokuwa hai."

Sir Anselm hakuwa amelala. Alikuwa kwenye chumba cha vioo kinachotazama bustani, amevaa koti la harusi na ua kifuani, anakula yai la kuchemsha. Fimbo yake yenye mpini uliopinda ilikuwa imeegemea kiti. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na uso mwekundu wa mtu aliyezoea kutiiwa.

"Sturgess," alisema. "Umekuja kwa sherehe? Kaa. Mayai yapo."

"Nimekuja kwa kazi, Sir Anselm. Umevaa vizuri."

"Najaribu koti. Sisemi kwamba naenda mahali."

"Ubao wa Bwana Gervase umetoweka kanisani."

Mzee alichovya mkate kwenye yai. "Pole sana. Mchwa, bila shaka. Au panya. Kanisa lile lina panya wakubwa."

"Panya mwenye ufunguo wa roshani."

"Panya wa siku hizi."

"Na mwenye soksi za sufu. Na leso yenye herufi A na D." Sturgess aliitoa mfukoni na kuilaza kando ya kikombe cha yai. "Sir Anselm, kwa nini hukumwagiza mtu auteremshe tu? Kanisa lenu, ubao wenu, neno moja lingetosha."

Sir Anselm aliitazama leso. Alitafuna mkate wake mpaka ukaisha, akajifuta mdomo.

"Keti, Sturgess, shingo inaniuma kukutazama." Sturgess aliketi. "Hakuna Dunstrey aliyewahi kushusha ubao wa msiba. Hakuna. Ningetoa amri hiyo, ningekuwa nasema mbele ya watu wote kwamba niliutundika kwa ujinga. Sasa, ubao ukiibwa, hilo ni jambo jingine. Mtu akiibiwa afanyeje? Analalamika kidogo, anapewa pole, maisha yanaendelea. Mjukuu wangu anapita, juu hakuna kitu, na mimi sijasema neno." Alitabasamu, akaonekana kijana. "Nilipanda benchi ile, Sturgess. Kwa umri wangu. Nikauopoa kwa mara ya tatu tu. Na uliungua vizuri. Sijafurahi hivyo tangu mwaka ule ng'ombe wangu alipopata kombe."

"Nakuamini. Tatizo ni kwamba Bi Lavinia amemfungia mtu kwa wizi huo."

"Nani?"

"Ned Pruett. Yuko chumba cha kengele tangu asubuhi. Bi Lavinia anasema harusi haifungwi mpaka ubao urudi, na ubao ni jivu."

Sir Anselm aliweka kijiko chini. Tabasamu lilimtoka lote.

"Bwana harusi?"

"Kamba hukatikia pembamba, Sir Anselm. Ngazi ilikuwa yake."

"Basi mfungue. Wewe ni polisi."

"Nitamfungua. Lakini kijiji kizima kipo pale kwenye lango, na kimeshasikia kuwa ni yeye. Nikimtoa bila kusema aliyefanya, ataoa akiwa mwizi, na atakuwa mwizi mpaka azeeke. Kisheria sina kesi. Ubao ni mali yako, na mtu hajiibii. Ninachohitaji ni maneno. Kutoka mdomoni mwako, mbele ya watu."

Nje, wapiga kengele walikuwa wanabishana chini ya dirisha ni nani amekunywa bia ya nani.

"Unajua unaniomba nini?" alisema hatimaye.

"Najua."

"Ningependa zaidi kurushiwa mizinga ya nyuki."

Lakini alikuwa ameshaishika fimbo.

Walikwenda kwa miguu kupitia bustani, Sir Anselm mbele, Sturgess nyuma, na mzee alikataa mkono. Kwenye lango la makaburi watu walikuwa wamejaa na kofia zao mpya. Bi Lavinia alisimama kwenye ngazi za kanisa. Tabitha alikuwa kando yake, nywele sasa zimebanwa pande zote mbili, uso umemkakamaa. Sturgess alipita katikati yao akaufungua mlango wa chumba cha kengele, na Ned akatoka akipepesa macho juani, tai imempinda vibaya.

Sir Anselm alipiga fimbo kwenye jiwe. Watu wakanyamaza.

"Ubao umechomwa," alisema. "Huyu kijana hahusiki. Nimeuchoma mimi."

Kofia mpya ziligeukiana.

"Anselm," alisema Bi Lavinia, "hujui unalosema. Jua limekupiga."

"Najua sana. Niliuopoa kwa fimbo hii. Na msiseme nilikuwa na haki ya kuutundika, kisha nikaushusha kwa huruma. Niliutundika kwa ujinga." Alivuta pumzi. "Nimelisema. Nani mwingine anataka kulisikia? Mzee Hobday, wewe husikii vizuri. Kwa ujinga!"

"Nimesikia mara ya kwanza!" alijibu Mzee Hobday kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko, hata Bi Lavinia akalazimika kutazama buti zake. Tabitha hakucheka. Alimkumbatia babu yake kwa nguvu hata ua la kifuani likapondeka, kisha akaenda kumfunga Ned tai.

"Sasa yuko wapi?" Sir Anselm aliuliza. Hakutaja jina, na hakuna aliyeuliza anamtaka nani.

Watu walipisha njia wenyewe. Nje ya ukuta wa makaburi, mahali pake pa kila Pasaka, alisimama Gervase Dunstrey katika suti nyeusi, nywele zimeanza mvi, na Dolly kando yake amemshika kiwiko. Alikuwa amesikia yote. Kofia ilikuwa mkononi.

Sir Anselm alikwenda mpaka ukutani. Ulikuwa ukuta mfupi, unafika kiunoni. Aliilaza fimbo yake juu ya mawe.

"Gervase, mwanangu. Nimechelewa."

Gervase aliitazama saa ya mnarani, kisha akamtazama baba yake.

"Saa sita bado, baba," alisema, akaruka ukuta.